Mwanza, Hanang, Mbulu na kurudi kwa pikipiki na hema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Njia inayozungumziwa hapa inatoka Mwanza kwenda Shinyanga, Tinde, Nzega na Igunga, inapanda Mlima Sekenke kuingia Singida, inapita Katesh chini ya Mlima Hanang, kisha inakwea ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Dareda hadi Dongobesh na Mbulu. Kutoka huko inateremka kwa Haydom hadi Daraja la Sibiti na kurudi ziwani kupitia Meatu, Maswa, Bariadi na Lamadi. Ni kilomita 1,200 hivi bila michepuko. Mwanza hadi Dareda ni lami. Kutoka Dareda hadi karibu na Maswa utakutana na vumbi, changarawe na vipande vya lami hapa na pale. Maswa hadi Mwanza ni lami tena. Majibu yameandikwa kwa mtu mwenye pikipiki ya kawaida, anayelala kwenye hema lake na asiye na gari la kumfuata nyuma.

Kwa nini tuzunguke Singida yote hiyo? Si tukate Serengeti tu, tutokee Karatu?

Pikipiki haziruhusiwi kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti wala eneo la Ngorongoro. Magari yanapita kwa kulipa. Pikipiki haipiti hata ukilipa. Geti la Ndabaka utaliona siku ya kurudi, jirani na Lamadi, nawe utalitazama ukiwa nje. Aliyewahi kukutana na nyati akiwa amekaa juu ya kitu kisicho na milango hahitaji maelezo zaidi.

Boksa yangu ya cc 150 itaweza milima hiyo?

Itaweza. Huko Dongobesh na Haydom pikipiki hizo hizo zinabeba magunia ya mahindi na abiria wawili juu yake, sembuse wewe na hema.

Nguvu itapungua kidogo. Injini ya kawaida hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mwanza tuko kwenye mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za ukingo zinakaribia mita 2,000, kwa hiyo hasara yako haifiki asilimia hiyo 10. Utaihisi kwenye mwinuko ukiwa na mzigo: gia ya tatu inakataa, unarudi ya pili, basi. Pikipiki ya kabureta inaweza kutoa moshi mzito kidogo na kula mafuta zaidi. Fundi wa njiani akikuambia inabidi kabureta ifunguliwe irekebishwe, mshukuru na uondoke. Ukishuka Meatu itakaa sawa yenyewe.

Kabla ya kutoka shughulika na vitu vinne: cheni na spoketi, breki zote mbili, tairi na spoku. Tairi ya nyuma iliyobaki nusu ya meno inatosha kwa mizunguko ya mjini, ila kwenye tope la huko itakuangusha. Badilisha kabla, hata kama inauma.

Mwezi gani ni mzuri?

Hapa ndipo watu wengi wa Mwanza wanapopotea, maana wanasafiri na kalenda ya mvua ya nyumbani. Kwetu Kanda ya Ziwa kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Katikati, Januari na Februari, mvua hulegea. Singida haijui habari hiyo. Wao wana msimu mmoja tu, unaoanza Novemba na kwenda moja kwa moja hadi Aprili. Ukivuka kuingia Manyara unarudi tena kwenye vuli na masika. Kwa hiyo anayetoka Mwanza Januari akiona anga limetulia anaweza kukuta Singida mvua iko katikati ya msimu wake, mabonde ya Wembere yamejaa maji pande zote za barabara.

Juni hadi Septemba ndio wakati ambao kalenda zote zinakubaliana: mvua ni chache kote. Juni na Julai kuna baridi kali usiku kwenye nyanda za juu. Agosti na Septemba kuna upepo, na vumbi la Meatu linaingia hadi kwenye soksi. Mimi napenda Juni, kwa sababu majani bado ya kijani, mito imeshuka, na baridi inavumilika ukiwa na nguo. Novemba na Desemba nenda tu ikiwa una muda wa kusubiri. Aprili usiende.

Na hata katika kiangazi usiache koti la mvua nyumbani. Ukingo wa juu ya Dareda unaweza kuamka na ukungu unaolowesha kama manyunyu wakati Babati, chini yake kidogo, watu wanaota jua.

Simu inaniambia kesho jua. Niiamini?

Anza na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hasa tahadhari za mvua kubwa. Ile alama ya jua au wingu kwenye simu ina shida moja: inazungumzia eneo pana, na milimani kilomita kumi zinatosha kukutoa kwenye joto la bondeni hadi kwenye wingu. Afadhali ujue mvua ya kila mahali ina saa zake.

Ziwa letu linanyeshewa zaidi usiku na alfajiri. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo usiku upepo unatoka pande zote za nchi kavu na kukutana katikati ya ziwa, ambako hewa bado ina joto. Inapanda, wingu linajikusanya, radi zinaanza. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa hukutana na dhoruba saa nane au tisa za usiku. Mchana mambo yanageuka: upepo unatoka ziwani kuelekea bara, na mvua inahamia huko, mchana na jioni.

Milimani sababu ni nyingine ila saa zinafanana na za bara. Jua la asubuhi linapasha moto miteremko, hewa inakwea, na kufikia saa tano au sita mawingu yameshakaa. Mvua yenyewe huwa kati ya saa nane na saa kumi na moja. Hanang, kwa kuwa umesimama peke yake tambarare, unaonekana kutoka mbali sana, na ni kipimo kizuri kuliko simu. Kilele kikiwa wazi hadi saa nne asubuhi, una nusu siku nzuri mbele yako. Kikiwa kimevaa kofia ya wingu zito tangu saa mbili, panga kulala karibu.

Halafu uliza wenyeji, lakini uliza vizuri. Ukimuuliza mtu "Leo mvua itanyesha?" atakujibu kwa adabu chochote unachopenda kusikia. Muulize "Jana ilinyesha saa ngapi, na ilitokea upande gani?" Hapo utapata jibu la kufanyia kazi.

Kwa siku moja niendeshe kilomita ngapi?

Panga kwa saa, kilomita zitajipanga. Kwenye safari hii mimi nina sheria moja isiyojadiliwa: ikifika saa tisa alasiri pikipiki imezimwa na hema limesimama. Mvua ya saa kumi ikikukuta ndani ya hema ukipika chai, ni burudani. Ikikukuta kwenye kona za Dareda na utelezi mbele yako, huku hujui utalala wapi, una matatizo matatu kwa pamoja, na saa moja kasoro jua limezama.

Kwa hiyo toka saa kumi na mbili na nusu, kukianza kupambazuka. Kwenye lami hiyo inakupa kilomita 250 hadi 300 bila kukimbia, na muda wa kunywa chai Tinde au Igunga. Baada ya Dareda, hesabu 80 hadi 120. Watu wanabisha sana juu ya namba hiyo ya pili wakiwa Mwanza. Wakirudi hawabishi.

Kwa kawaida mzunguko unakaa vizuri kwenye siku tisa, moja ikiwa ya akiba. Siku mbili hadi Singida, ya tatu Katesh, ya nne Dareda hadi Dongobesh au Mbulu, ya tano Haydom, ya sita kuvuka Sibiti hadi Meatu, ya saba Bariadi au Lamadi, ya nane Mwanza, na ya akiba itumie mvua itakapotaka. Ukiona unaelekea kuimaliza safari bila kuitumia, kaa Katesh siku ya ziada utazame mlima.

Baridi ya huko ni kweli au maneno tu? Mimi mvua nimeizoea.

Umeizoea mvua ya Mwanza, ambayo hata ikikulowesha hadi mifupa, nusu saa baadaye umekauka na unatoa jasho. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Ukitoka ziwani hadi juu ya ukingo umeshapoteza nyuzi tano bila wingu lolote. Ongeza nguo zilizolowa, ongeza upepo wa kuendesha kilomita 50 kwa saa kwa saa mbili. Usiku wa Juni na Julai nyanda za Mbulu zinaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake.

Hatari haianzi kwa kutetemeka. Kutetemeka ni dalili kwamba mwili bado unapigana. Anza kuogopa vidole vinaposhindwa kuvuta klachi sawasawa, mtu anapoanza kuongea kwa kujikwaa, au anapoacha kutetemeka ghafla huku bado amelowa. Huyo mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa vikavu, mpe chai ya moto yenye sukari ikiwa anameza vizuri. Usimpe pombe. Konyagi inampa hisia ya joto huku mwili wake ukizidi kupoteza joto.

Jinzi ziache. Pamba ikilowa inakaa na maji siku nzima. Sweta la sufu la mtumba kutoka Mlango Mmoja linafanya kazi nzuri kuliko koti la bei mbaya la pamba. Juu yake vaa koti la mvua lisilopitisha upepo, chini gambuti au buti ndefu. Glovu za mpira za kuoshea vyombo, zikivaliwa juu ya glovu za kawaida, zinachekesha watu na zinaokoa vidole. Seti moja ya nguo za kulalia ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na isiguswe mpaka umeingia ndani ya hema, hata ukishawishika vipi.

Mizigo naifungaje?

Kizito chini na karibu na wewe, chepesi juu na nyuma. Vyombo, spana na maji vikae pembeni, pande zote mbili kwa uzito ulio sawa; hema na mfuko wa kulalia juu ya keria. Ukirundika kila kitu juu ya keria, usukani wa mbele unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba kwenye changarawe. Mipira ya tyubu kuukuu inafunga vizuri kuliko kamba za manila, inavutika na haikati. Mkia wa mpira usining'inie karibu na cheni.

Kila kitu kisichopaswa kulowa kiwe ndani ya plastiki ndani ya begi. Begi linaloandikwa kwamba halipitishi maji lisikudanganye.

Sekenke inatisha kama wanavyosema?

Inaheshimiwa. Kwa kutokea Igunga wewe unaipanda, na wanaopata taabu zaidi ni malori yanayoshuka kuja kwako na breki zilizochemka. Kaa kushoto kabisa, usipite lori kwenye kona, na ukisikia harufu ya breki zinazoungua sogea pembeni usubiri.

Kushuka ni mada nyingine, na hapo nawasema ndugu zangu wa boda waziwazi. Ile tabia ya kuzima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, iacheni Mwanza. Breki ya ngoma ikishikwa mfululizo inapata moto na kuacha kushika, na hutapewa taarifa kabla. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, acha injini ikuzuie, breki ziguse na kuachia.

Tope la mbuga nalivukaje?

Kuanzia Sibiti kuingia Meatu na kuendelea hadi Lalago unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao wakulima wa pamba wanaujua vizuri. Ukiwa mkavu unapasuka nyufa na unaendesha bila wasiwasi. Ukinyeshewa dakika ishirini tu unavimba, unanata, na unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo unasukuma pikipiki ambayo matairi yake hayazunguki. Nimeona vijana wenye nguvu zao wakikaa chini na kucheka kwa kukata tamaa.

Dawa ya kwanza ni kusubiri. Jua likitoka, saa tatu au nne zinatosha kwa uso wa barabara kushika, na wenyeji watakuonyesha: wakianza kupita wao, pita na wewe. Ukilazimika kwenda, inua au toa madigadi ya mbele, punguza upepo wa tairi kidogo, kaa gia ya kwanza au ya pili, miguu chini kama tegemeo, na usiguse breki ya mbele. Beba kijiti kigumu cha kuchokonolea tope. Pampu ni lazima, kwa kuwa ukifika lami utahitaji kurudisha upepo.

Nikikuta korongo limejaa maji?

Simama. Zima. Tazama hata nusu saa uone maji yanapanda au yanashuka, weka jiwe ukingoni kama alama. Makorongo ya upande huu hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, mlimani, kwako kukiwa na jua. Maji yanayokwenda kasi ya kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo. Usipoweza kulivuka kwa miguu bila kushikwa mkono, hutalivuka kwa pikipiki.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Ukipita Katesh ukiwa na mawazo ya kufunga hema kwenye kale ka-uwanda kazuri kalikolala kando ya korongo linalotoka mlimani, kumbuka hilo, uende ukalale sehemu iliyoinuka. Na ukiwa pale usiulize watu habari za siku hiyo kana kwamba ni hadithi. Wapo waliopoteza familia.

Nalala wapi, na ruhusa naomba kwa nani?

Kijijini mtafute mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla hujafungua hata kamba moja. Vua helmeti, zima pikipiki mbali kidogo, na uanze kama mtoto aliyelelewa: "Shikamoo mzee." Akishaitikia marahaba na kukuuliza utokako, mwambie: "Natokea Mwanza, ninaelekea Haydom. Naomba hifadhi ya usiku mmoja, hema ninalo." Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule, kanisa au ua wa mtu, na kijana atatumwa kukuletea maji. Jina na namba yako mwandikie, ajue aliyelala kwake ni nani.

Kwenye nyanda hizi wenyeji wako ni Wairaqw na Wadatoga zaidi. Kiswahili kinatosha kila mahali, ila usipige picha watu wala mifugo bila kuomba. Ukishavuka Sibiti, "mwangaluka" yako, ile salamu ya Kisukuma, inaanza kufanya kazi tena.

Gesti zipo Singida, Katesh, Babati, Mbulu na Haydom. Si aibu kulala gesti siku nguo zote zimelowa.

Hema nalisimamishaje mvua ikiwa inanyesha?

Turubai kwanza. Funga turubai kati ya mti na pikipiki, halafu simamisha hema chini yake, mizigo ikiwa bado imefungwa. Chagua ardhi yenye mteremko kidogo, kichwa upande wa juu, mgongo wa hema upande upepo unakotoka. Turubai la chini lisizidi ukubwa wa hema, la sivyo linakusanya maji na kuyaleta mgongoni kwako. Asubuhi ukikuta matone ndani, usikimbilie kusema linavuja. Ni pumzi yako iliyopoa kwenye kitambaa. Acha tundu la hewa wazi hata kama ni baridi.

Kukiwa na baridi sana naweza kuingiza jiko la mkaa ndani?

Hapana. Hata likiwa limebaki makaa tu, hata mlango ukiwa nusu wazi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala moshi, inakulaza usingizi usioamka. Jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, iweke kwenye soksi miguuni.

Na radi?

Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Zikiwa 30 au chini, acha kuendesha, ondoka kwenye kilele au uwanja wazi, usikae chini ya mti uliosimama peke yake, sogea mbali na pikipiki. Nyumba imara au ndani ya gari ni salama. Hema si salama hata kidogo. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Wengi wanapigwa na radi wakidhani imeshapita.

Chakula?

Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, matobolwa vikiwa vimechemshwa kwanza. Msukuma alishalitatua swali la chakula cha safari zamani: ni vikavu, vyepesi, haviozi, na matobolwa unatafuna hata bila kupika. Ongeza dagaa wakavu wa Mwaloni Kirumba, karanga, unga, chumvi, sukari na majani ya chai. Dagaa wafunge mara mbili. Fisi wapo huku juu na pua zao ni nzuri. Chakula kisilale ndani ya hema.

Vingine nunua njiani. Singida kula kuku, hilo halina mjadala, na chukua asali. Maji ya mito na visima chemsha.

Naweza kupanda Hanang kwa miguu njiani?

Unaweza, ukiongeza siku mbili. Kilele kiko karibu mita 3,420, na msitu wake uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kibali na mwongozaji ni Katesh. Wengi hupanda kwa njia ya Jorodom. Kwenda na kurudi siku moja inawezekana kwa mwenye pumzi, ila magoti yatakulaumu. Katika mvua usipande.

Kuhusu polisi na karatasi?

Leseni yenye daraja A au A1 kulingana na injini yako, bima hai, kadi ya pikipiki au nakala yake, helmeti kichwani. Kwenye vijiji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kati ya Shinyanga na Singida askari wenye kamera wanajua kila mti wenye kivuli.

Mafuta na mafundi?

Ukiwa na mzigo hesabu lita 30 hadi 35 kwa mzunguko wote. Kwenye lami sheli ni nyingi. Jaza tangi Babati au Dareda, jaza tena Haydom, na ubebe lita tano za ziada kuvuka Sibiti. Mafuta ya chupa yapo vijijini, yachuje kwa kitambaa.

Mafundi wa pancha wapo karibu kila kijiji. Wewe beba tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, viraka na gundi, kiungo cha cheni, plagi, kebo ya klachi, spana na pampu. Kila jioni baada ya tope safisha cheni na uipake oili. Inakula dakika tano.

Naweza kumbeba mwenzangu?

Hadi Katesh, ndiyo. Baada ya Dareda, watu wawili na hema juu ya cc 150 kwenye utelezi ni kumkosesha mwenzio raha. Afadhali pikipiki mbili. Kwenda peke yako kabisa pia sishauri kwa kipande cha Haydom hadi Meatu.

Kwa nini si Kagera? Daraja si limeshafunguliwa?

Kweli, daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, na siku za kusubiri kivuko kwa saa nyingi zimekwisha. Vilima vya Karagwe na Kyerwa ni vizuri, ndizi na kahawa hadi macho yachoke. Ila ukanda wa Bukoba unapata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na miezi mikavu ya kweli huko ni michache. Kwa anayeanza kusafiri na hema, Hanang kwanza.

Nina siku nne tu. Nifanyeje?

Nenda Singida, lala Katesh, rudi kwa njia ile ile. Utakuwa umeipanda na kuishuka Sekenke, umeuona mlima asubuhi na jioni, na njia yote ni lami, kwa hiyo mvua ikinyesha unasimama chini ya kibaraza cha duka hadi ipite. Usijaribu kukata kwa Haydom ili uwahi Mwanza siku ya nne. Kipande cha Sibiti ndicho kinachoamua utafika lini, na kikiamua kukuweka siku mbili Meatu, huna wa kumpigia simu zaidi ya bosi wako. Siku tano zikipatikana, ya tano itumie kwenda hadi Dareda asubuhi, kukwea ukingo hadi juu, kunywa chai, na kushuka kabla ya saa sita.